Gimbi, Tunguu na Kiazi: Uhakiki wa Majina ya Mimea Yenye Akiba Chini ya Ardhi

Kazi ya kuunda istilahi hujaribiwa na vitu vidogo zaidi kuliko vikubwa. Neno la kutajia bunge au benki hutamkwa kila siku na watu wengi, na likiwa na kasoro wasemaji wenyewe hulirekebisha. Neno la kutajia mmea mfupi usiofikia urefu wa kiganja hubaki vile lilivyoandikwa na mtafsiri wa kwanza, na kosa lake hurithiwa kitabu hata kitabu. Ndiyo sababu katika makala haya tumechagua mmea wa namna hiyo uwe kipimo cha desturi zetu za kutafsiri. Hatukuuchagua kwa uzuri wake, ingawa ni mzuri. Tumeuchagua kwa kuwa maneno yanayouzunguka ndiyo yale yale yanayohitajiwa na mwalimu wa sayansi, bwana shamba na mwandishi wa kamusi.

Wataalamu wa mimea huuita Romulea bulbocodium. Huota wenyewe katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, kwenye mchanga, nyasi fupi na miamba. Majani yake ni membamba kama nyuzi. Ua lake lina vipande sita vya rangi ya zambarau hafifu, na katikati lina njano. Hufunguka jua liwakapo na kujifunga mawingu yatandapo. Chini ya ardhi mmea huu una kivimbe kigumu cha mviringo, chenye ganda, ambamo umejiwekea akiba ya chakula. Wakati wa ukame majani na maua hufa, na mmea wote hubaki umelala ndani ya kivimbe hicho hadi mvua zirudipo.

Msomaji asidhani kwamba tunazungumzia mgeni asiyetuhusu. Spishi nyingi za jenasi ya Romulea ziko kusini mwa Afrika, na chache ziko katika milima mirefu ya Afrika ya Mashariki. Romulea keniensis, kwa mfano, imechukua jina lake kutoka Kenya, ambako huota katika nyanda za juu zenye baridi. Jina la jenasi lilitolewa mwaka 1772, kwa kumkumbuka Romulus, ambaye hadithi za kale humtaja kuwa mwanzilishi wa mji wa Roma, kwa kuwa mmea ulifahamika katika viunga vya mji huo. Hivyo sehemu kubwa ya ukoo huu imeota Afrika, ilhali jina lake ni la Roma. Jina hufuata macho ya aliyetangulia kuona, na aliyetangulia kuona hakuona yote. Mtafsiri wa Kiswahili naye yumo katika hatari hiyo hiyo.

Sentensi ya kujaribia

Ili uhakiki wetu uwe na kitu cha kushika, tumetunga sentensi moja. Haikunakiliwa kutoka kitabu cha mtu yeyote, lakini kila aliyepitia miswada ya tafsiri ataitambua sura yake:

Zafarani mwitu ni kitunguu kidogo cha mbugani kinachochanua wakati wa kipupwe, na huzalishwa kwa mbegu au kwa viazi vyake.

Sarufi ya sentensi hii haina dosari, na masikioni inapendeza. Hata hivyo, karibu kila nomino iliyomo inampotosha msomaji. Tutazipitia moja baada ya nyingine, na mara kwa mara tutamfikiria msomaji mmoja: mwalimu wa shule ya msingi huko Binza, katika mkoa wa Simiyu. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012, na makao yake makuu ni Bariadi. Ni nchi ya pamba, ng'ombe, mahindi na viazi vitamu, na wenyeji wake wengi ni Wasukuma. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Kwa hiyo neno tutakaloliandika sisi ndilo mwalimu huyo atakalolitamka mbele ya watoto, na hana kitabu kingine cha kulisahihishia.

Zafarani mwitu

Kiini cha jina hili ni kufanana. Ua la Romulea linafanana na lile la mmea wa zafarani, na yote miwili imo katika familia moja. Kwa msomaji wa Unguja, Lamu au Mombasa, zafarani ni kitu cha jikoni: ni nyuzi nyekundu zitiwazo katika biriani ya arusi. Lakini hata yeye anazijua nyuzi tu. Ua lenyewe hajaliona, kwa kuwa mmea huo haulimwi pwani yetu. Kwa msomaji wa Binza, zafarani haimletei picha ya jikoni wala ya shambani. Tunamweleza asichokijua kwa kitu kingine asichokijua, kisha tunaongeza neno mwitu.

Neno mwitu nalo lina tabia yake. Kiswahili husema mbwa mwitu, paka mwitu, nguruwe mwitu. Mbwa mwitu si mbwa wa nyumbani aliyetoroka. Ni mnyama mwingine kabisa. Msemaji mzoefu analijua hilo kwa wanyama, lakini kwa mimea desturi hiyo haijakomaa, na msomaji huelewa kwamba zafarani mwitu ni zafarani ile ile iliyoota bila kupandwa. Mwenye kuelewa hivyo ataona ni sawa kuichuma na kuila.

Hapa ndipo penye hatari ya kweli. Uko mmea mwingine wa Ulaya, Colchicum autumnale, uchanuao maua ya zambarau yanayofanana mno na ya zafarani. Katika lugha kadhaa za Ulaya watu wa kawaida wameuita zafarani ya malishoni au kwa jina linalokaribiana na hilo. Mmea huo si wa familia ya zafarani, na una sumu kali iitwayo kolchisini. Kwa kipimo kidogo sumu hiyo ni dawa ya jongo, ikizidi huua. Atazamaye kwa makini ataona tofauti: ua la zafarani lina stameni 3, na la Colchicum lina 6. Lakini msomaji wa tafsiri hana ua mkononi, ana neno tu. Mtafsiri akiuandika mmea huo kuwa zafarani ya mbugani, atakuwa ameibandika sumu jina la kiungo cha chakula. Wala sumu hiyo haiko Ulaya pekee. Gloriosa superba, mmea utambaao wenye maua mekundu na manjano, unaoota katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, nao una kolchisini.

Twashauri, basi, neno zafarani libaki kwa zafarani yenyewe, Crocus sativus, na mazao yake. Kiswahili kinatupa njia nzuri ya kutenga mmea na zao: mkarafuu na karafuu, mkahawa na kahawa, mpilipili na pilipili. Kwa mfano huo mmea uwe mzafarani, nyuzi ziwe zafarani. Romulea na Colchicum zibaki na majina ya kitaalamu, zikiandikwa kwa matamshi yetu: romulea na kolchiko. Jina geni lisilodai kueleweka ni afadhali kuliko jina la nyumbani linalodanganya.

Kitunguu na kiazi

Katika sentensi yetu kivimbe cha chini ya ardhi kimeitwa kitunguu mwanzoni na kiazi mwishoni. Mwandishi wa barua angesamehewa. Mwandishi wa kitabu cha sayansi hawezi, kwa sababu kivimbe hiki si kimoja wala kingine.

Mwalimu anaweza kuuonyesha ukweli huu kwa kisu. Akikata kitunguu cha kawaida katikati, watoto wataona matabaka, moja ndani ya jingine. Matabaka hayo ni majani yaliyonenepa. Shina lenyewe ni kitako kidogo kilicho chini, paotapo mizizi. Akikata kiazi kitamu, hatakuta matabaka, kwa kuwa kiazi kitamu ni mzizi ulionenepa. Akikata kiazi mviringo, hatakuta matabaka vilevile, lakini ataona macho ambayo huchipua, kwa kuwa hicho ni shina. Akikata gimbi, atakuta nyama ngumu iliyojaa, na juu ya ngozi yake alama za duara yalipokuwa makalio ya majani. Gimbi nalo ni shina, fupi na nene, lililosimama wima chini ya ardhi. Kivimbe cha romulea na cha mzafarani viko katika kundi hili la gimbi: ndani ni shina lililojaa, na nje kuna ganda ambalo asili yake ni majani. Katika mimea hii miwili kivimbe kipya huota juu ya kile cha mwaka uliopita, na cha zamani husinyaa.

Ni haki kusema kwamba wataalamu wa mimea wenyewe walitangulia kuchanganya. Sehemu ya kwanza ya neno bulbocodium imetokana na neno la Kiyunani la kitunguu, ilhali mmea hauna kitunguu. Jina la kitaalamu halibadilishwi kwa sababu ya kosa la maana. Linatunzwa kama jina la mtu. Istilahi ya kufundishia haina kinga hiyo. Kazi yake ni kueleza, na isipoeleza haina sababu ya kuwapo.

Mbugani na kipupwe

Maneno haya mawili yanaonyesha kosa la namna nyingine: neno sahihi la Kiswahili lililopelekwa katika nchi isiyo yake.

Mbuga, kwa mkulima wa Simiyu, ni bonde la udongo mweusi wa mfinyanzi, unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa ukame. Ni mahali pa kulima mpunga na kuchungia ng'ombe. Kwa mtalii, mbuga ni hifadhi ya wanyama. Romulea huota kwenye mchanga na nyasi fupi za nchi kavu. Kuiweka mbugani ni kuizamisha. Penye nyasi fupi yatosha kusema uwanda wa nyasi, na penye mchanga tuseme mchangani.

Kipupwe ni kosa kubwa zaidi. Watafsiri wengi hulitumia kwa majira ya baridi ya Ulaya, na katika riwaya pengine hakuna madhara. Lakini kipupwe chetu ni ubaridi wa Juni hadi Agosti, na ubaridi huo huja na ukavu. Miezi hiyo katika nchi za Mediterania ni ya joto kali na ukame, na romulea wakati huo imelala. Huchanua mwishoni mwa baridi ya kwao na mwanzoni mwa joto, takriban kati ya Januari na Aprili. Mwalimu wa Binza akisoma kipupwe, atawaambia watoto kwamba ua huchanua mwezi wa Julai, na atakuwa amesema kinyume cha ukweli.

Jambo la kuvutia ni kwamba Kiswahili kina maneno yanayolingana na hali hii vizuri kuliko lugha za Ulaya ya kaskazini. Katika nchi za Mediterania mvua hunyesha miezi ya baridi, na ukame huja miezi ya joto. Katikati ya mwaka, Binza na nchi hizo hukauka pamoja, ingawa Binza wakati huo ni ubaridi na kule ni joto. Mwanzoni mwa mwaka, huku na kule hunyesha. Basi tukisema mmea huchanua wakati wa mvua na kulala wakati wa kiangazi, tumesema kweli kwa nchi zote mbili, na mtoto aliyeona nyasi za kwao zikifa Agosti na kuchipua baada ya mvua za Novemba ataelewa mara moja kwa nini mmea unahitaji akiba chini ya ardhi. Mtafsiri aliyetazama jira la Ulaya kwa jina lake amekosa; atakayetazama mvua atapata.

Mbegu

Neno mbegu linaonekana halina utata, kumbe lina utata kuliko yote. Katika biolojia mbegu ni kile kitokanacho na ua. Katika kilimo chetu mbegu ni chochote kipandwacho: twasema mbegu ya muhogo, ingawa kinachopandwa ni pingili, mbegu ya viazi vitamu, ingawa kinachopandwa ni marando, mbegu ya migomba, ingawa kinachopandwa ni chipukizi. Maana zote mbili ni halali, na msemaji huzitenga kwa muktadha. Mtafsiri asipozitenga, msomaji hubahatisha.

Romulea huzaa mbegu za kweli. Mzafarani hauzai. Ni tasa, nao umeenea duniani kwa vivimbe vyake tu, mikononi mwa watu. Kila ua hutoa nyuzi tatu, na kilo moja ya nyuzi kavu hudai maua zaidi ya 100,000; ndiyo maana bei yake ni kubwa, na ndiyo maana hila ni nyingi. Mkulima aliyesoma katika kijitabu kwamba zafarani hupandwa kwa mbegu anaweza kutoa fedha za msimu mzima kununua pakiti ya punje ambazo haziwezi kuwa za zafarani. Hapo kosa la istilahi limeingia mfukoni mwa mtu.

Na tuone pia jambo lililo upande wetu. Pingili, marando, chipukizi: haya ni maneno ya wakulima, si ya kamati. Kila moja hutaja kwa usahihi sehemu ya mmea ipandwayo. Wasemaji wa Kanda ya Ziwa walihitaji kutofautisha, wakatofautisha. Hali kadhalika wametenga vyakula vitokanavyo na kiazi kitamu: michembe ni viazi vilivyokatwa vibichi na kukaushwa, matobolwa ni vilivyochemshwa kwanza. Jamii yenye uangalifu wa namna hiyo haiwezi kuambiwa kwamba lugha yake ni maskini wa maneno ya mimea.

Maneno manne yanayoshindana

Ni neno gani, basi, litumike kwa kivimbe cha romulea na mzafarani? Twaona manne.

La kwanza ni kormu. Faida yake ni kwamba linafanana na neno la kimataifa, na mwanafunzi atakayeendelea na masomo ya juu atalikuta tena. Hasara yake ni kwamba halimwambii mtoto chochote. Katika Kiyunani lilikotoka lilikuwa neno la mitaani, lenye maana ya gogo lililokatwa matawi. Wayunani walipata picha. Sisi tungepata sauti tu.

La pili ni tunguu. Katika maandishi ya kilimo cha migomba limekwisha kutumika kwa kile kitako kinene kilicho chini ya mgomba, ambacho hutobolewa na fukusi. Matumizi hayo tunayaheshimu. Lakini mtu yeyote asikiaye tunguu husikia kitunguu ndani yake, na kitunguu kina matabaka. Isitoshe, katika baadhi ya maeneo ya pwani na visiwani tunguu ni tunda la mtunguu, mmea wa jamii ya tangawizi. Kwa maoni yetu tunguu lifae kwa kile chenye matabaka, mfano wa kitunguu chenyewe.

La tatu ni kigimbi. Umbo lake dogo linafaa kwa kivimbe kidogo. Bahati mbaya neno hili lina mwenyewe: kigimbi ni mnofu wa nyuma ya mguu chini ya goti. Kitabu kimoja cha biolojia kitahitaji kutaja mguu na mmea, na mwanafunzi atakwama.

La nne ni gimbi, nalo ndilo tunalolichagua. Ni neno la Kiswahili la siku nyingi. Lina wingi wake, magimbi. Na kitu linachokitaja ndicho mfano halisi wa aina hii ya shina. Tutasema gimbi la mzafarani, gimbi la romulea. Pingamizi la kwanza ni kwamba gimbi ni jina la chakula maalumu. Kiazi nacho kilikuwa chakula kabla ya kuwa istilahi, na hakuna aliyepata hasara. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: wakulima wa migomba waliokwisha kuzoea tunguu watalazimika kusoma neno jingine katika vitabu vya watoto wao. Gharama hiyo ni ya kweli, na hatuifichi. Hata hivyo twaona ni ndogo kuliko gharama ya kumfundisha mtoto kwamba chenye matabaka na kisicho na matabaka ni kitu kimoja.

Hivyo sentensi yetu itaandikwa upya:

Romulea ni mmea mdogo wa porini unaoota mchangani na katika uwanda wa nyasi fupi. Huchanua wakati wa mvua, hulala wakati wa kiangazi ndani ya gimbi lake, na huzaliana kwa mbegu na kwa magimbi machanga.

Ni ndefu kidogo kuliko ya kwanza, lakini mwalimu anaweza kuifundisha bila kuisahihisha.

Wajibu kwa lugha za makabila

Utaratibu wa kuunda istilahi unajulikana: kwanza tutafute katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Afrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Hatua ya pili imetuletea maneno ambayo leo hayana ugeni. Ikulu limetoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi. Kitivo limetoka milima ya kaskazini mashariki, likiwa na maana ya ardhi yenye rutuba. Kung'atuka limetoka kwa Wazanaki. Lakini tazama maneno hayo: ni ya utawala, elimu na siasa. Kwa upande wa mimea, wadudu na udongo, ambako lugha hizo ndiko zilikotajirika zaidi, mara nyingi tunairuka hatua ya pili na kukimbilia ya nne.

Mchungaji wa Binza anaijua mimea kwa namna mifugo yake inavyoila au kuikataa, na mkulima anayapa majina magugu kwa jinsi yanavyomsumbua. Kila aliyepalilia ndago anajua kwamba kung'oa majani si kung'oa mmea, kwa kuwa vipumba vyake hubaki ardhini na kuchipua tena. Hilo ni somo zima la akiba ya chini ya ardhi, nalo liko shambani tayari. Katika Kisukuma kiazi kitamu ni numbu. Orodha ya majina ya mimea mingine yenye akiba chini ya ardhi yafaa ikusanywe kijiji kwa kijiji, pamoja na maelezo ya kinachoonekana mmea ukichimbuliwa na kukatwa. Mkusanyaji akumbuke kwamba Kisukuma kina irabu saba na Kiswahili kina tano, hivyo ayaandike majina kama yanavyotamkwa kwanza. Kuyarekebisha kwa matamshi ya Kiswahili ni kazi ya baadaye.

Twawaomba walimu, mabwana shamba na watumishi wa serikali walioko wilayani watuletee majina hayo, na wenye hoja dhidi ya gimbi wazilete pia, zikiambatana na mifano ya matumizi. Istilahi haiwi sanifu kwa kupigwa muhuri peke yake. Huwa sanifu pale mwalimu anapoitamka, mtoto akachimba, akakata, akakuta ndani kile alichoambiwa.